Minza Mabegani Mwangu

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka kwenye mazoezi ya halaiki, akaniletea kiganja puani kabla hata hajanisalimia.

"Mama, nusa."

Nikanusa. Samli iliyochacha.

"Ni yule niliyepangwa kushikana naye mikono. Ananuka. Mwambie mwalimu anibadilishie."

Alikuwa amekunja uso, pua imepanda juu, mdomo umevutika upande mmoja, nami nikaiona sura ambayo nimekuwa nikiikimbia tangu nilipokuwa na umri kama wake. Nilimwambia akanawe, tule. Baadaye nikabaki jikoni peke yangu, na kilichonichukiza hakikuwa samli.

Nyie mliokua Mpanda wakati mmoja na mimi mnayajua yale maghala ya tumbaku yaliyoachwa. Letu lilikuwa Misunkumilo, nyuma ya shule, pale nyumba zinapokwisha na mahindi yanapoanza. Tumbaku ilikwishaondoka, lakini harufu yake ilikuwa imeingia kwenye kuta, ikachanganyika na mkojo wa panya na kinyesi cha popo. Ukiingia kutoka juani, macho yalikuwasha kwanza ndipo ukaona. Humo ndimo Mwalimu Espe alimoomba tufanyie sarakasi, na shule ikakubali haraka, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyelitaka.

Magodoro yetu yalikuwa magunia aliyoyashona mwenyewe na kuyajaza pumba za mpunga. Mvua ilipovuja, pumba zilivunda. Ukijiviringisha mara tatu ulitoka na unga wa njano kwenye nywele na ladha ya uvundo kooni. Kuna mtoto aliwahi kutapika pale; doa lake lilisuguliwa kwa majivu, likapauka, halikutoka. Wote tulilijua na wote tulilikwepa, hata hewani.

Mwalimu Espe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwanya na filimbi shingoni. Wazazi wake walikuja wakikimbia vita Burundi. Yeye alizaliwa huku, akasomea ualimu huku, na sarakasi akajifunza chuoni. Siku za kawaida watu wazima walimwita Mwalimu. Wakikasirika walimwita "yule Mrundi". Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wazazi wengi: hakukupanga na rafiki yako. Alikutazama, akatazama umetoka nyumba gani, kisha akakutafutia mtu ambaye mama yako asingemkaribisha chai. Na kila siku tulihesabu kwa lugha ya mmoja wetu. Jumatatu Kirundi: rimwe, kabiri, gatatu. Kesho yake Kisukuma: imo, ibili, idatu. Mtoto wa Kikonongo aliyekuwa hajawahi kuinua mkono darasani nilimwona akitufundisha sote kuhesabu, huku akicheka kwa jinsi tulivyokosea.

Mimi nilikuwa mnene. Shuleni waliniita Bonge, na nyumbani pia waliniita hivyo kwa mapenzi, jambo lililoniuma zaidi. Nilitembea nimeinama, mikono nimeikunja kifuani, nikijaribu kuchukua nafasi ndogo. Siku ya kwanza Mwalimu Espe alinizunguka kama mtu anayekagua nguzo, akanigonga mgongoni kwa filimbi yake.

"Nyoosha. Hapo. Wewe ndiye msingi, binti. Nyumba haianzi kujengwa kwa bati."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia kwamba mwili wangu una kazi. Nilirudi nyumbani nimenyooka hivi kwamba mama aliniuliza kama shingo inauma.

Sheria ya msingi ilikuwa moja tu, na aliirudia mpaka tukaiota. "Wa chini hahami. Nyuki akikuuma, hahami. Kwanza wa juu ashuke, ndipo mlie wote."

Kisha akaniletea Minza.

Familia ya Minza ilikuwa imehama na ng'ombe kutoka Usukumani, ikakaa Kasansa miaka kadhaa, kisha ikajenga boma nje ya mji, upande wetu. Minza alikuwa mwembamba, mkavu kama fito, na alikuja mazoezini moja kwa moja kutoka kukamua. Sweta lake lilikuwa na harufu iliyotangulia mlangoni kabla yake: maziwa ya jana, moshi wa samadi, samli aliyopakwa kichwani na mama yake. Miguu yake ilikuwa imepasuka visigino, na ndani ya ile mipasuko kulikuwa na weusi ambao maji hayakuufikia. Niliitazama miguu ile, na Mwalimu Espe akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu atasimama mabegani mwako."

Nyumbani tayari nilikuwa na maneno ya kuelezea nilichokihisi. Sisi ni Wabende. Mama alikuwa anauza dagaa wa Ikola sokoni, na baba alikuwa fundi ujenzi na mjumbe wa kamati ya shule. Baba akipata hadhira ya kula nayo ugali, alisimulia habari za Wasukuma. Wanaosha vibuyu vya maziwa kwa mkojo wa ng'ombe. Wanalala na ndama. Wamekuja kutumalizia ardhi. Alisema haya akiwa anatafuna, vipande vya ugali vikionekana ulimini, nasi tulicheka. Leo nikiikumbuka ile meza yetu, yale mate na kile kicheko, najiuliza ni nani aliyekuwa mchafu.

Basi Minza alipanda. Mguu mmoja pajani kwangu, mwingine begani, kisha wote wawili mabegani, nami nikimshika vifundo. Ngozi ya nyayo zake ilikuwa kama maganda ya mti. Nilipumua kwa mdomo. Nikirudi nyumbani nilijisugua mabega kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka yakawa mekundu, na kucha nilizomshikia nilizinusa kitandani, nikachukizwa, nikazinusa tena.

Kitu kimoja kilizidi kuniudhi. Kila alipofika juu, Minza alijaza mashavu hewa, akafumba mdomo, akatazama mbali kama chura aliyevimba. Niliona kwenye kivuli chetu ukutani. Niliamini ni maringo. Nilisema moyoni: ananikanyaga kwa miguu ya zizini, na bado anaringa.

Lakini tulikuwa wazuri. Sipendi kulisema, ila ni kweli. Uzito wake niliujua kuliko ninavyoujua uzito wa mkoba wangu leo. Kabla hajayumba nilishajua atayumbia wapi, na goti langu lilishajibu. Mwalimu Espe alituweka katikati ya onyesho la sherehe za mkoa zilizokuwa zinakaribia. Mimi, Bonge, katikati ya uwanja.

Siku moja ya mazoezi, kabla ya sherehe hizo, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Minza alichelewa, akaja mbio, akafuta miguu kwenye nyasi za mlangoni, hakufuta vizuri. Alipopanda nikahisi begani kitu chenye majimaji, cha uvuguvugu. Harufu ikashuka puani. Kilikuwa kinyesi kibichi cha ng'ombe. Wenzetu walikuwa wanahesabu kwa pamoja, Mwalimu Espe amesimama hatua mbili kutoka kwetu, mikono wazi, macho kwa Minza. Minza akajiweka sawa, tone likaruka kutoka katikati ya vidole vya miguu yake hadi shavuni mwangu, likateremka taratibu, likafika kwenye pembe ya mdomo.

Nikasogea.

Nusu hatua tu. Sikuteleza wala sikushtuka. Nilichagua. Niliachia vifundo vyake nikajifuta mdomo.

Mwalimu Espe aliruka, akapata sweta tu. Minza aliangukia mkono, nje ya gunia, kwenye saruji. Nilisikia mlio mfupi kama wa muwa unaovunjwa gotini. Hakulia. Alikuwa anautazama mkono wake uliopinda mahali pasipo na kiungo, na mimi nilikuwa bado najifuta mdomo.

Jioni ile baba aliniketisha mbele ya wajumbe wawili wa kamati waliokuja nyumbani. Mwenyekiti, mzee mnene wa kucheka cheka, aliuliza ilikuwaje.

"Niliteleza," nikasema.

"Na mwalimu alikuwa wapi?" akauliza baba.

Nikajifuta mdomo tena.

"Alikuwa anachezea simu, sio? Sema tu, mwanangu. Usimwogope."

Nilimtazama baba. Niliona kwamba jibu alikuwa nalo tayari, na kwamba anachotaka ni kichwa changu tu kishuke na kupanda. Kikashuka. Kikapanda.

"Si mnaona?" Mwenyekiti alipiga paja. "Mrundi anavunja watoto wa watu huku anachati."

Mama aliwaletea chai na dagaa wa kukaanga. Waliwala hadi vichwa, wakilamba vidole, wakipanga jinsi ya kumwandikia barua Mwalimu Espe. Nilipelekwa kulala na pongezi. Baba alinishika kichwa na kusema mimi ni mtoto jasiri, na mkono wake ulikuwa na mafuta.

Sarakasi ikasimamishwa. Ghala likafungwa kwa mnyororo. Shuleni Mwalimu Espe aliendelea kutufundisha hisabati kama kawaida, isipokuwa filimbi hakuivaa tena, na mimi hakunitazama. Wazazi waliopita dirishani walinyoosha kidole. Mtu aliandika kwa mkaa mlangoni kwake, arudi kwao. Kwao ni wapi? Alizaliwa karibu na sisi kuliko alivyozaliwa baba yangu.

Jumamosi moja mama aliniambia nivae, tunaenda kumpa pole mgonjwa. Alifunga dagaa kwenye mfuko na sukari kilo moja.

Boma lao lilikuwa limezungushiwa miiba, na nzi walikuwa wengi hivi kwamba mtu aliwafukuza bila kujua anafanya hivyo. Mama Minza alitupokea mlangoni, akapiga goti kidogo, akatusalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akatuwekea vigoda. Hakuwa na hasira. Alitushukuru kwa kumkumbuka mtoto wake. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akanimiminia maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Yalishuka kwa mabonge. Juu yakaelea vijiti vyeusi vya masizi, na unywele mmoja, mfupi, wa kahawia, wa ng'ombe.

"Kunywa, mwanangu," akasema.

Mama na Mama Minza wakaondoka kwenda kuangalia ndama. Minza alikuwa ameketi kwenye ngozi, mkono kwenye hogo jeupe la plasta lililokwishageuka kijivu. Nzi akatua kwenye ukingo wa kikombe changu, akasugua mikono.

"Ulisogea," Minza akasema.

"Niliteleza."

"Mi nilikuwa juu. Mtu akiteleza anaenda na mguu. We ulisogea kichwa kwanza."

Nikauliza, "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nikisema, baba ataniambia si nilikukataza kwenda kwa watu wa mjini. Hatanirudisha mazoezini." Akajikuna juu ya hogo. "Ni kwa sababu ya halufu, eh? Ya kwetu."

Nikatazama chini.

"Hata wewe unanuka," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayeniambia kuna jua. "Unanuka dagaa. Nywele, nguo, jasho. Nikirudi, mayu, mama yangu, alikuwa ananisugua na majani ndipo niingie ndani. Wadogo zangu walinikataa kitandani. Nikiwa juu yako nilikuwa nabana pumzi, hivi." Akajaza mashavu, akafumba mdomo, akatazama mbali. "Nahesabu kwa kichwa, nikishuka ndo napumua. Kila siku nilitaka kutapika. Lakini sikuluka. Ningeluka ungeumia mgongo."

Naomba mnielewe: nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mimi nina harufu. Harufu ilikuwa kitu cha wengine. Nilinusa gauni langu kwa mara ya kwanza maishani, pale kigodani, na nikamnusa yule dagaa: chumvi, matumbo ya samaki, kitu kilichokufa muda mrefu. Nilikuwa nimekivaa siku zote. Na yeye alikivumilia mwezi baada ya mwezi, mashavu yamemvimba, nami nikamwita chura.

Nikachukua kikombe. Sijui nilikuwa najaribu kumlipa au kujiadhibu. Nilikunywa yote kwa mkupuo, na ule unywele, na vile vijiti. Yalikaa tumboni kwa muda wa kufika kwenye lango la boma. Yakarudi yote, mabonge na chembechembe, kwenye miguu yangu mwenyewe, na kuku wakaja mbio kuyadonoa. Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Minza alikuwa anacheka, anashika hogo lake, machozi yanamtoka.

Njiani kurudi nilimwambia mama kila kitu, nikinuka matapishi. Alisimama katikati ya njia.

"Na simu?"

"Hakuwa na simu. Alikuwa ananyoosha mikono. Alimkosa kidogo tu."

"Nilijua," mama akasema. "Siku ile nilikuangalia shingo ulivyoshusha kichwa. Nilijua, nikaenda kukaanga dagaa." Alitema mate pembeni, mbali, kama mtu aliyeonja kitu kilichooza, na nikaelewa kwamba hakuwa anatema kwa ajili yangu peke yangu.

Kamati ilikutana shuleni wiki ile. Mama alinipeleka bila kumwambia baba. Meza ilikuwa na soda na mapaja ya kuku kwenye sahani za plastiki. Mwalimu Espe aliketi mbele yao kwenye dawati la mwanafunzi, hana sahani. Walikuwa wanamsomea barua. Mama akanisukuma mgongoni.

"Mimi ndiye niliyesogea," nikasema. "Sikuteleza. Niliona kinyaa. Mwalimu hakuwa na simu. Nilidanganya."

Mwenyekiti aliacha kutafuna. Mafuta yalimng'aa kidevuni. "Nani amemfundisha huyu mtoto maneno?"

"Walikwishamfundisha wengine kwanza," mama akajibu. "Leo anasema ya kwake."

Baba aliangalia chupa yake ya soda. Hakuinua macho. Nilingoja aseme neno, lolote, hata anigombeze. Nilingoja na uso wake ukazidi kuwa mwekundu chini ya vumbi la saruji, na mkono wake ukaendelea kuzungusha kizibo cha soda mezani. Ndipo nilipomchukia, na nikiri tu, chuki ile haijaisha yote hadi leo, ingawa sasa ni mzee nami humlisha kwa mkono wangu.

Mwalimu Espe alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilitarajia tabasamu, kama watoto wanavyotarajia wakisema kweli. Badala yake midomo yake ilijikunja pembeni, na nikaona kwamba ananionea kinyaa. Nilistahili. Alisimama, akawauliza kama kuna kingine, akatoka.

Hakuna aliyemwomba radhi. Waliamua ghala lifunguliwe "kwa masharti", barua ikakunjwa mfukoni mwa Mwenyekiti, na kuku aliyebaki akafungwa kwenye gazeti kupelekwa nyumbani. Sherehe za mkoa zilipita bila sisi. Katikati ya uwanja walisimama watoto wa shule nyingine.

Minza alirudi hogo lilipokuwa limetolewa siku nyingi. Mkono ulikuwa umepona na kipinda kidogo chini ya kiwiko. Baba yake, sikujua kwa nini, alimruhusu. Nadhani mama yake alikuwa na maneno yake. Mwalimu Espe alipuliza filimbi, akatupanga wote, akafika kwetu.

"Leo mnabadilishana," akasema. "Minza chini. Wewe juu."

"Mwalimu, mimi mzito. Mkono wake..."

"Nimekuuliza uzito? Panda mapajani tu. Mimi nipo hapa nyuma. Buhoro buhoro, polepole."

Minza alikaa mkao wa kiti, mgongo wima, magoti yamekunjwa. Sikuwa nimewahi kupanda juu ya mtu. Niliweka mguu pajani kwake, nikauondoa. Nilikuwa nimetoka sokoni kwa mama na viatu vya wazi, miguu imekanyaga maji ya samaki. Niliviona vidole vyangu kama vile ni vya mtu mwingine: vinene, vina magamba madogo yanayong'aa kwenye kucha.

"Panda," Minza akasema.

Nikapanda. Alinishika juu ya magoti, hata kwa ule mkono wenye kipinda, nami nikajua sasa vile alivyojua yeye: huko juu huna chochote. Una mtu wa chini tu. Akitaka kusogea, atasogea, na ana sababu. Nilisikia anavyovuta pumzi moja ndefu, kisha hakuna tena pumzi. Alikuwa ameibana. Wenzetu walihesabu mpaka kumi, polepole kuliko siku zote, na yale mapaja membamba chini ya nyayo zangu yalikuwa yanatetemeka, na hayakuhama.

Nilishuka. Minza akaachia pumzi kwa kishindo. Kisha mbele ya watoto wote akakunja ncha ya sweta lake, akainama, akajifuta mapaja mahali nilipokanyaga, kwanza la kushoto, halafu la kulia, kwa makini, hadi kila gamba la samaki likatoka. Hakunificha. Alipomaliza akarudi kwenye mkao wa kiti, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Tena," akasema.